Mimea Inayokausha Uvimbe: Tujue Ukweli Wake

Somo la safari hii ni la kusomwa na kikundi kizima. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize. Mkimaliza, jadilini maswali yaliyo mwishoni.

Siku ya soko hapa kwetu hakosi mtu mwenye chupa ya dawa ya mitishamba anayesema, "Hii inakausha uvimbe wowote." Wengine hucheka, wengine hununua. Sasa tujiulize: je, kweli kuna mmea unaoweza kuzuia uvimbe usikue? Ndiyo, upo, tena zaidi ya mmoja. Lakini kati ya jani lililo shambani na dawa inayoponya kuna safari ndefu. Asiyeijua safari hiyo anaweza kumpoteza mtoto.

1. UVIMBE UNAKULA NINI?

Tazameni mashamba ya mpunga ya Bunyala. Mpunga hauishi bila maji, na maji hayafiki bila mfereji. Mwili nao ni hivyo hivyo. Damu ndiyo maji, mishipa ya damu ndiyo mifereji.

Uvimbe wa saratani ukiwa mdogo, milimita moja au mbili tu, huishi kwa chakula cha jirani. Ukitaka kuwa mkubwa ni lazima upate mifereji yake wenyewe. Basi hutoa kemikali zinazoiita mishipa iliyo karibu, nayo huchipua matawi kuelekea kwenye uvimbe. Ni kama mtu anayetoboa mfereji wa wote usiku ili anyweshe magugu yake.

Mwaka 1971 daktari mpasuaji wa Marekani, Judah Folkman, aliandika kwamba tukizuia matawi hayo, uvimbe utadumaa. Wengi walimtilia shaka. Lakini mwaka 2004 Marekani iliidhinisha dawa ya saratani iliyotengenezwa makusudi kwa kazi hiyo. Dawa hiyo haikutoka kwenye mmea, ila ilionyesha kwamba wazo lake lilikuwa sawa.

2. MIMEA ILIYOCHUNGUZWA

Soya. Mwaka 1993 wanasayansi walionyesha kwamba kemikali moja iliyomo katika soya huzuia mishipa mipya katika maabara.

Chai. Mwaka 1999 watafiti waliwanywesha panya chai ya kijani, na mishipa mipya ikapungua. Ni majani ya mchai ule ule tunaouona Kericho na Nandi, ila chai ya kijani hutayarishwa kwa njia nyingine.

Manjano. Ile rangi yake nayo imezuia mishipa katika maabara. Lakini mtu akiila, ni kidogo sana inayoingia kwenye damu.

Vinka. Haya ni maua ya waridi au meupe, yenye petali tano, ambayo wengi hupanda mbele ya nyumba. Asili yake ni Madagaska. Huko Jamaika watu walichemsha majani yake kama chai ya ugonjwa wa sukari. Katika miaka ya 1950 watafiti Robert Noble na Charles Beer wa Kanada waliyapima. Sukari haikushuka, lakini kumbe chembe nyeupe za damu zilipungua! Hapo wakafahamu kwamba yanaweza kufaa kwa saratani. Kutokana na mmea huo zimepatikana dawa mbili, vinblastini na vinkristini. Kazi yao kubwa ni kuzuia seli za saratani zisigawanyike. Tena katika maabara, vinblastini kwa kiasi kidogo imezuia hata seli za mishipa zisijenge mifereji mipya.

3. MBONA TUSICHEMSHE MAJANI?

Mtu atauliza, "Kama dawa iko kwenye ua langu, kwa nini nipande matatu hadi Kisumu?" Swali ni zuri, na majibu ni haya.

Kwanza, dawa ni kidogo sana ndani ya jani. Ili kupata gramu moja huhitajika mamia ya kilo za majani makavu. Pili, ni sumu kali. Mtu mzima huchomwa sindano ya vinkristini isiyozidi milligramu 2 kwa mara moja, kwenye mshipa, na mtu aliyefunzwa. Gramu moja ina milligramu 1,000. Nani nyumbani anaweza kupima hivyo kwa kikombe? Majani ya vinka yasinywewe kabisa. Tatu, panya wa maabara si mtu. Soya, chai na manjano ni chakula chema, kuleni. Lakini hazijathibitishwa kuponya saratani.

Nne, mwili mzima unahitaji mifereji mipya wakati fulani. Kidonda hakiponi bila mishipa mipya. Mtoto tumboni hapati chakula bila mishipa ya kondo la nyuma. Kwa hiyo mama mjamzito asijaribu dawa za kukausha uvimbe.

4. MAGONJWA YA HUKU KWETU

Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliona watoto waliovimba taya. Mwaka 1958 aliandika habari zao, na ugonjwa ukaitwa kwa jina lake. Unapatikana sana sehemu zenye malaria nyingi, ikiwamo pwani hii ya ziwa letu. Mtoto huvimba taya au tumbo, na meno hulegea. Wengi hudhani ni jino tu. Saratani hii ni kati ya zile zinazokua kwa haraka kuliko zote. Lakini habari njema ni kwamba watoto wengi hupona wakianza dawa mapema na kuzimaliza. Na moja ya dawa hizo ni vinkristini, ile ya maua ya mbele ya nyumba.

Ugonjwa wa pili ni Kaposi, saratani inayotokana na seli zinazotanda ndani ya mishipa yenyewe. Huonekana kama madoa ya zambarau au meusi kwenye ngozi au mdomoni, na miguu huweza kuvimba. Huwapata zaidi wenye virusi vya ukimwi wasiotumia dawa. Matibabu ya kwanza ni ARV. Ukizidi, dawa za saratani huongezwa. Utafiti uliotangazwa mwaka 2020, Kenya na Uganda zikiwamo, ulionyesha kwamba paklitakseli ilifanya kazi vizuri kuliko dawa zilizolinganishwa nayo. Hiyo nayo ilitoka kwenye gome la mti wa Marekani.

Kwa hiyo hatuwadharau wazee wetu wa mitishamba. Mimea ina nguvu kweli. Ila nguvu isiyopimwa ni kama Nzoia bila kingo.

5. KIKUNDI KIFANYE NINI?

a) Mtoto akivimba taya au tumbo, mama, usingoje wiki mbili ukimfunga majani shavuni. Mpeleke hospitali wiki hiyo hiyo, na uombe barua ya rufaa ikihitajika.
b) Wekeni kando pesa kidogo za mzunguko ziwe nauli ya mgonjwa. Wengi huacha matibabu katikati kwa kukosa nauli.
c) Mwambie daktari kila unachokunywa, hata cha mitishamba. Usione haya.
d) Watoto walale ndani ya neti. Malaria ya mara kwa mara humwandalia njia ugonjwa wa Burkitt.

MASWALI YA KUJADILI

1. Uvimbe unafanana vipi na shamba la mpunga?
2. Jirani anamnywesha mtoto wake majani ya vinka. Utamwambia nini bila kumkosea heshima?
3. Leo kikundi chetu kina nauli ya kumfikisha mtoto mmoja Kisumu na kumrudisha? Kama hakina, tutaanza kuchanga lini?