Thamostati Yako Usimpe Mtu



Barua za mapenzi wiki hii zitasubiri, wapenzi wenu hawatakimbia. Naanza na ya mdogo wangu mmoja wa Kamanga, ile ya ng'ambo, anayevuka na pantoni kuja kazini mjini Mwanza. Ana Vitz namba C aliyoachiwa na kaka yake. Anaandika: "Dada, nikienda nayo Sengerema haina neno, lakini nikikaa foleni ya pantoni inachemsha. Fundi anasema atoe thamostati na feni aifunge dairekti, yaishe. Nikubali?"

Usikubali. Sababu nakupa sasa hivi, ila kwanza hongera, maana umeeleza ugonjwa vizuri kuliko wengi wanaofika gereji na kusema "inasumbua" basi.

Gari likiwa kwenye mwendo, upepo wa barabarani unapita kwenye rejeta na kuipoza hata kama feni imekufa siku nyingi. Likisimama huku injini inawaka, upepo hakuna, kazi yote inabaki kwa feni. Kwa hiyo linalochemka foleni na kutulia safarini, mtuhumiwa wa kwanza ni feni na jamaa zake: fyuzi, relei, nyaya, mota yenyewe. Lingekuwa linachemka ukiwa kasi au ukipanda kilima, hapo ningekutuma ukaangalie rejeta iliyoziba, pampu ya maji iliyochoka, au hiyo thamostati kama imegoma kufunguka. Sasa jiulize: feni ndiyo mgonjwa, thamostati inatolewa kwa kosa gani? Ukishaitoa, foleni itakapokuwa ndefu utachemsha vilevile.

Jaribu hivi mwenyewe, kama AC yako ina gesi. Asubuhi injini ikiwa baridi, fungua boneti, washa gari, washa na AC. Kwenye Vitz, IST na ndugu zao feni inatakiwa izunguke baada ya muda mfupi tu, hata kama injini haijapata joto. Ikizunguka, mota ni nzima, na fundi atafute kwa nini haipati amri joto linapopanda. Isipozunguka, aanze na fyuzi na relei, vitu vya bei ndogo, ndipo aguse mota. Mtandio ufunge nyuma na mikono iwe mbali, feni haina adabu.

Thamostati ni kilango kidogo kinachobaki kimefungwa mpaka maji yafikie nyuzi joto 80 na kitu, kisha kinayaruhusu kwenda kwenye rejeta. Ukikitoa, injini inachelewa kupata joto lake na safari nyingine hailipati kabisa. Kompyuta ya gari inasoma kwamba injini bado ya baridi, inaendelea kumwaga petroli ya ziada, nawe unalalamika kwamba kigari cha sisi elfu moja kinakunywa kama Land Cruiser. Oili nayo inakusanya unyevu na kugeuka tope. Tabia ya kutoa thamostati kwa sababu "huku kwetu ni joto" imeenea gereji zetu zote, na mimi sijawahi kuona ushahidi wake. Japani nako kuna kiangazi, na waliounda gari walilijua joto.

Feni dairekti, haya, itapoza. Ukiwa umekwama gatini saa moja usiku, kijana akakuungia waya ufike nyumbani, mshukuru na umpe chake. Lakini isiwe ndoa. Feni itazunguka tangu unapowasha mpaka unapozima, mota itaisha kabla ya wakati, na ule waya mara nyingi unaungwa bila fyuzi. Siku ikifa tena utakuwa huna habari.

Kuna kitu kingine kidogo ambacho mafundi wengi hawakitaji: kifuniko cha rejeta. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji ya kawaida yanachemka kwenye nyuzi kama 96, hayasubiri 100. Kifuniko ndicho kinachobana presha ndani ili maji yavumilie joto kubwa zaidi, yafike hata karibu na 120 bila kuchemka. Mpira wake ukiwa umekauka au springi imelegea, presha inatoroka, na maji yanachemka mapema huku kila mtu anamtafuta mchawi. Kibadilishe. Ni cha bei ndogo, kuliko hata hiyo nauli ya bodaboda utakazopanda gari likiwa gereji. Na ndani tia kulanti. Maji ya kuchota ziwani na dumu yana matope na majani, na hayana dawa ya kuzuia kutu.

Vitz na Passo nyingi hazina mshale wa joto kwenye dashibodi. Zina taa ya bluu inayowaka asubuhi injini ikiwa baridi, na nyekundu inayowaka mambo yakiwa yameharibika. Nyekundu ikiwaka simama hapohapo na uzime. "Nijikongoje tu mpaka Katunguru" ndiyo safari inayopinda silinda hedi, maana hedi hizi ni za aluminiamu. Usifungue kifuniko cha rejeta gari likiwa moto, maji yatakurukia usoni. Subiri mpaka unaweza kuweka kiganja juu ya rejeta bila kuvuta mkono.

Wengine mmeuliza kama sasa ni afadhali kuzunguka na daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, kuliko kugombana na foleni. Kwa injini, mwendo mtulivu wa lami ni mapumziko. Kwa mfuko, mpigie hesabu petroli ya kuzunguka. Lakini kuhama njia kwa sababu ya feni mbovu ni kuikimbia feni, na itakukuta Mkuyuni kwenye foleni.

Sasa oili, maana nusu ya barua zenu zinaishia hapo. Vigari hivi vikizeeka vinakula oili, hata vizuri vyao. Kila Jumamosi, gari likiwa sehemu tambarare na injini imepoa, chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe, kitoe tena usome. Usingoje taa ya oili. Ile taa inasema presha imeanguka, yaani umeshachelewa. Na yule anayekwambia "gari limechoka, tia oili nzito" muulize anaijua VVT-i inavyofanya kazi? Mfumo huo unasukumwa na oili hiyohiyo kupitia vijitundu vyembamba, ndiyo maana kitabu cha gari kinataja 5W-30. Mwenye Vitz au IST ana cheni ya injini, na cheni inaishi kwa oili safi. Mwenye Starlet ya zamani ana mkanda. Kama hujui ulibadilishwa lini, ubadilishe, hesabu ya kawaida ni kilomita 100,000.

Gia boksi ya otomatiki usiruhusu iwekwe "ile nyekundu tu". Vitz za kwanza zinataka Type T-IV, na za kuanzia 2005 nyingi ni CVT zenye oili yake peke yake. Ukichanganya, utanunua gia boksi ya mtumba.

Ukienda dukani kwa spea nenda na kadi ya gari, umsomee muuzaji namba ya chesesi. "Ya Vitz" haitoshi, Vitz ziko vizazi na injini tofauti, na ukirudi na pedi isiyokaa unaambiwa mali ikishatoka hairudi. Spea iliyotolewa idai, uiangalie kwa macho yako. Fundi mwaminifu hachukii. Anayechukia amekujibu.

Gari likigongagonga ukishuka Bugando au ukikatiza mitaa ya mawe ya Mabatini, anza na stabilaiza linki na bushi kabla hujakubali kununua shokapu nne. Chujio la hewa, kwa vumbi la huko ng'ambo, likague kila unapomwaga oili, na ulibadilishe mapema kuliko kitabu kinavyosema.

La mwisho litaniletea maneno, najua. Acheni kuingiza magari ziwani kuyaosha. Nimeona ufukweni, matairi yamezama nusu, redio inapiga, watu wamekaa juu ya boneti. Gari limetoka kukimbia, diski za breki zimepata moto, unazitumbukiza kwenye maji ya baridi, zinapinda, halafu unaniuliza kwa nini usukani unatetemeka ukikanyaga breki. Maji yanaingia kwenye beringi za magurudumu na kwenye dramu za nyuma. Na grisi na oili unazoziacha pale zinabaki ndani ya ziwa hilohilo ambalo mji unavuta maji ya kunywa pale Capri Point. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeziwekea ulinzi mita 60 kutoka ukingoni, hata kama hujawahi kuona mtu akizipima. Oshea kwa vijana wa mtaani wenye ndoo na sabuni, na uwaambie mapema wasipige maji ya presha kwenye injini. Koili za plagi zimekaa juu kabisa, na zikilowana gari litamisi mpaka zikauke.