SOMO: WATOTO WANAOCHEZA NI ALAMA YA AMANI

Andiko: Zekaria 8:1-17, 1 Wakorintho 12:14-26
Shabaha: Wazazi waelewe kwamba michezo ya pamoja ni sehemu ya malezi ya mtoto, na wajue wajibu wao.



Siku ya michezo, watoto wetu wa shule ya msingi hurudi nyumbani wamejaa vumbi, sauti zimekauka kwa kushangilia. Mzazi mmoja husema, "Nilikutuma kusoma, si kucheza." Mwingine huuliza neno zito zaidi: "Ulicheza na mtoto wa nani?" Tuyapime maneno hayo mawili kwa Neno la Mungu.

1. Mungu aliahidi michezo kwa watu waliotoka uhamishoni

Yerusalemu iliharibiwa mwaka 586 kabla ya Kristo, na watu wakapelekwa Babeli. Baadaye Koreshi aliwaruhusu kurudi. Lakini katika mwaka wa nne wa mfalme Dario, yaani 518 kabla ya Kristo (Zekaria 7:1), mji ulikuwa bado na magofu, na hekalu lilikuwa halijamalizika.

Ni kwa watu hao Mungu alitoa picha ya amani. Hakuwaonyesha jeshi wala dhahabu. Aliwaonyesha wazee wameketi njiani na fimbo zao, na wavulana na wasichana wakicheza katika njia hizo hizo (8:4-5).

Sisi tuliokimbia tunaelewa haraka. Kituo cha Nkamira, hapa Rubavu, kilipokea maelfu ya ndugu zetu kutoka Kongo mwaka 2012, na tena tangu mwishoni mwa 2022. Kila aliyepita njia hiyo anajua: risasi zikilia, michezo ya watoto hunyamaza kwanza. Basi tukisikia kelele zao uwanjani, tusikasirike. Mungu anawarudishia kitu ambacho vita viliwanyang'anya.

Hata sheria za mataifa zinakubali jambo hili. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 31, unampa mtoto haki ya kupumzika na kucheza. Kongo, ikiitwa Zaire, iliuridhia mwaka 1990, na Rwanda mwaka 1991.

2. Mchezo unafundisha habari ya mwili mmoja

Paulo anasema jicho haliwezi kuuambia mkono kwamba halina haja nao. Mtoto wa miaka minane hafahamu mahubiri marefu, lakini anafahamu kamba.

Katika kuvuta kamba, mwenye nguvu akivuta peke yake kabla ya wenzake, kundi lake linashindwa. Lazima wavute kwa sauti moja. Katika mbio za kupokezana kijiti, mwenye kasi lazima amngojee aliye polepole, kwa maana bila yeye hakuna kijiti. Na mtoto aliyefungwa kitambaa machoni, akiongozwa na mwenzake kati ya mawe, anajifunza kumwamini mtu ambaye labda hajui vizuri lugha yake. Kwa watoto waliozoea kuogopa watu, hilo si jambo dogo.

3. Uadui mtoto huufundishwa nyumbani

Watoto wakigawanywa katika makundi, hawaulizani kabila. Wanauliza nani anajua kukimbia. Swali la "mtoto wa nani" wanalitoa kwetu, jioni, tunapozungumza tukidhani wamelala. Zekaria 8:17 inatukataza kuwaza mabaya moyoni juu ya jirani. Tukimkataza mtoto kucheza na jirani kwa sababu ya kabila, tunampa vita vyetu avibebe akiwa bado mdogo. Maumivu yetu ni ya kweli, tuyapeleke mbele za Mungu. Tusiyaweke mabegani mwa mtoto.

4. Wazee wawepo njiani

Angalieni tena picha ya nabii: watoto wanacheza, na wazee wapo hapo hapo. Mchezo bila mtu mzima ni hatari. Kwa hiyo:

- Tuokote mawe makali ya volkano uwanjani kabla ya watoto kukimbia.
- Mvua ikianza na radi, watoto waingie ndani mara moja.
- Tujue ni nani anayewasimamia, na mtoto asiondoke na mtu tusiyemjua.
- Binti asibaki na bidoni la maji na mdogo wake mgongoni kila siku, kaka yake akicheza. Zekaria aliwataja wavulana na wasichana.
- Mtoto mlemavu apewe nafasi: ahesabu pointi, apulize filimbi, au ashike kamba pamoja na wengine.
- Anayeshindwa asichekwe, na anayeshinda asiringe.

Maswali ya kujadili katika familia

1. Kwa nini Mungu alitumia watoto kuonyesha amani?
2. Watoto wetu wanasikia maneno gani nyumbani juu ya majirani?
3. Wiki hii, nani kati yetu atakwenda kuketi kando ya uwanja?

Tuombe: Bwana, asante kwa kelele za watoto wetu. Uwalinde wanapocheza, na utuponye sisi wazazi, ili wasirithi hasira zetu. Katika jina la Yesu. Amina.