Kutoka Injini ya Gari hadi Rafadha ya Ndege: Mambo ya Kuchunguza Kabla ya Kulipa

Isaka ni mahali ambapo injini hazikosekani. Reli ya Tabora–Mwanza na barabara ya malori yaendayo Rwanda na Burundi hukutana hapo kwenye bandari kavu, na machimbo ya dhahabu ya Kahama na Geita yamewafunza mafundi wengi kuendesha pampu na makarasha kwa injini za magari. Si ajabu basi kwamba katika Afrika Mashariki wamejitokeza watu wanaounda ndege ndogo kwa injini hizo. Somo hili linamhusu mtumiaji anayeombwa kununua ndege ya namna hiyo, kuichangia fedha au kuipanda. Linaeleza sehemu moja tu, ambayo mnunuzi huisahau mara nyingi: kiungo kati ya injini na rafadha, yaani pangaboi.

Kwa nini kiungo hicho ni muhimu

Injini nyingi za magari hutoa nguvu zake zote zikifikia mizunguko 5,000 hadi 6,000 kwa dakika. Rafadha haiwezi kuzungushwa hivyo. Rafadha yenye kipenyo cha mita 1.7 ikizungushwa mara 5,000 kwa dakika, ncha zake hukimbia takriban mita 445 kwa sekunde, ilhali sauti husafiri takriban mita 340. Ncha zikiipita sauti, nguvu nyingi hupotelea katika kelele na ukinzani wa hewa. Kwa mizunguko 2,500, ncha hizo hukimbia mita 222 kwa sekunde, na rafadha hufanya kazi yake ipasavyo. Kwa hiyo muundaji wa ndege hana budi kuchagua mojawapo ya njia zifuatazo.

Njia ya kwanza: kufunga moja kwa moja

Rafadha hufungwa kwenye krenki yenyewe. Mwaka 1929 Bernard Pietenpol wa Marekani alirusha ndege yake kwa injini ya gari la Ford Model A iliyofungwa hivyo, na injini za Volkswagen hutumika vivyo hivyo hadi leo. Faida yake ni uchache wa vipuri: hakuna mkanda wa kukatika wala gia ya kuvunjika.

Hasara zake ni mbili. Kwanza, injini ya kisasa yenye nguvu farasi 100 kwa mizunguko 6,000 huenda ikatoa karibu nusu tu ya nguvu hizo ikiendeshwa kwa mizunguko 2,700. Pili, krenki ya gari haikuundwa kuvutwa na rafadha wala kuhimili mapindo yanayotokea ndege inapogeuka. Katika injini za Chevrolet Corvair zilizofungwa kwenye ndege, baadhi ya krenki zilikatika, hata waundaji wakaongeza beringi ya tano upande wa rafadha.

Njia ya pili: mkanda wenye meno

Anayelijua karasha anaielewa njia hii: puli ndogo huzungusha puli kubwa. Puli ya meno 30 ikiizungusha ya meno 60, mizunguko 5,000 hushuka kuwa 2,500. Mkanda ni mwepesi, haudai oili, na hupunguza kiasi mitetemo ya injini. Hata hivyo, huvuta krenki upande mmoja, hivyo lazima puli iwe na beringi za kuishikilia. Puli zisiponyooka, au vumbi na mchanga vikiingia, mkanda huliwa haraka. Mkanda wa karasha ukikatika, kazi husimama. Wa ndege ukikatika, rafadha hukosa nguvu papo hapo angani.

Njia ya tatu: gia

Injini ya Rotax 912 ULS, iliyoundwa mahususi kwa ndege ndogo, hufikia mizunguko 5,800, na giaboksi yake ya 2.43 kwa 1 huishusha hadi takriban 2,390. Gia huchukua nafasi ndogo na hudumu zikipata oili safi. Adui yake ni mtetemo wa msokoto. Kila silinda inapowaka huipiga krenki pigo. Mapigo hayo yakipatana na mtikisiko wa asili wa shafti na rafadha, chuma kizima hukatika bila dalili ya mapema. Ndiyo maana giaboksi nzuri huwekewa kiungo laini cha kupunguza mapigo hayo. Giaboksi iliyokatwa kutoka gari lolote haina dhamana hiyo.

Maswali ya kumwuliza muuzaji

1. Nani aliunda kiungo hiki, na kimeendeshwa kwa saa ngapi kikiwa na injini na rafadha hizi hizi?
2. Beringi ipi inabeba msukumo wa rafadha?
3. Mtetemo wa msokoto umepimwaje?
4. Mkanda au oili hubadilishwa baada ya saa ngapi, na kumbukumbu ziko wapi?
5. Injini imejaribiwa kwa nguvu kubwa mfululizo? Gari barabarani hutumia sehemu ndogo ya nguvu zake. Ndege hutumia takriban asilimia 75 kwa saa nzima.
6. Nguvu zinazotajwa zimepimwa wapi? Isaka iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Hapo injini isiyo na tabo hupungukiwa takriban asilimia 10 ya nguvu zake.

Jibu la “mbona inanguruma vizuri” si jibu. Injini iliyonguruma dakika kumi uwanjani haijathibitisha lolote kuhusu uchovu wa chuma.

Haki na wajibu wako

Ndege haipaswi kuruka nchini bila kusajiliwa na bila idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania kuhusu ubora wake. Omba kuziona hati hizo kabla ya kulipa, kisha zihakiki kwa Mamlaka yenyewe. Muuzaji akisema hati zitafuata baadaye, fedha zako nazo zifuate baadaye. Na ukialikwa kupanda ndege isiyo na hati, kataa, hata kama rubani ni ndugu yako.