Dondoo muhimu: Barua pepe za malipo ya kahawa

Kwa wanaoandika programu za vyama vya msingi vya kahawa (AMCOS) Bukoba na Muleba: taarifa ya malipo ikienda na jina la mwingine, kuirudisha imani ya mkulima ni kazi kubwa.

1. Weka kiolezo kwenye faili lake, mbali na msimbo, ili katibu asahihishe maneno bila kugusa programu.
2. Ukitumia Jinja2, washa StrictUndefined. Bila hiyo, taarifa iliyokosekana huachwa tupu kimyakimya, na barua huondoka ikisema "Umelipwa shilingi" pasipo kiasi. Hakuna kosa baya kuliko hili.
3. Washa autoescape kwa HTML; kwa matini ya kawaida izime, la sivyo "ng'" itasomeka "ng'".
4. Usiweke kiasi ndani ya picha. Mtandao ukiwa dhaifu kisiwani Bumbire, haitafunguka.
5. Seva nyingi hufuata saa za UTC. Ongeza saa 3, malipo ya usiku wa manane yasionekane ya jana.
6. Mpokeaji mmoja kwa kila barua. Kuanika anwani za wanachama wote ni kuvujisha taarifa binafsi, na tunayo sheria ya mwaka 2022 inayozilinda.
7. Nywila ya SMTP isikae ndani ya msimbo.
8. Sajili SPF, DKIM na DMARC, hata ukituma barua hamsini tu.
9. Hifadhi kumbukumbu ya kila barua iliyotoka. Umeme ukikatika katikati, usianze upya.