Swali Linaporudi Mara ya Tano

Somo la juma hili kwa familia
Maandiko ya kusoma nyumbani: 1 Wafalme 19:1–8; Waebrania 11:8; 1 Yohana 3:18–20



Somo la leo linahusu ugonjwa unaoishi katika nyumba zetu bila kutajwa jina. Nimeliandika kwa ruhusa ya mdogo wangu, naye amelisoma lote kabla halijawafikia ninyi.

Alipokuja kukaa nami hapa Peckham alipata kazi ya usafi wa ofisi mjini, akawa anatoka nyumbani alfajiri. Ikifika saa kumi na moja, simu yangu inalia. Yuko kituo cha basi Rye Lane. "Dada, jiko nilizima?" Naamka, naenda jikoni, natazama, namjibu kwamba alizima. Baada ya dakika tano simu inalia tena. "Una hakika? Umeshika kila swichi kwa mkono?" Nashika kila swichi kwa mkono. Siku nyingine alishuka basi akarudi mwenyewe, na kwa ajili hiyo alichelewa kazini mara nyingi.

Kisha jambo likahamia kanisani. Katikati ya ibada lilimjia wazo la tusi juu ya Roho Mtakatifu. Hakulitaka, hakulitamka, lakini lilikuja. Akasoma Mathayo 12 kuhusu dhambi isiyosamehewa, akaamini kwamba yeye amekwisha. Kila usiku aliniomba nimwombee. Nikisema amina, ananiambia, "Dada, rudia. Wazo limekuja katikati, maombi yameharibika." Narudia. Kuna usiku niliomba mara tisa, huku kila mmoja wetu akilia upande wake.

Nilidhani ule ndio upendo. Leo nataka kuwaeleza kwa nini ule upendo wangu ulikuwa unaulisha ugonjwa.

Ugonjwa huu ni nini?

Hapa Uingereza madaktari huuita OCD. Kwa Kiswahili tunaweza kusema ni ugonjwa wa mawazo na matendo ya kujirudia. Una sehemu mbili. Ya kwanza ni wazo linaloingia bila kualikwa na kuleta hofu kubwa: nimeacha gesi wazi, mikono yangu ina uchafu utakaomuua mtoto, nimemkufuru Mungu. Ya pili ni tendo la kuituliza hofu hiyo: kukagua, kunawa, kuhesabu, kuuliza, kutubu upya, kuomba upya. Tendo likishafanyika, moyo unatulia kidogo. Halafu wazo linarudi, na safari hii linadai zaidi.

Ni kama kukuna upele. Ukikuna unapata nafuu, na kwa kukuna huko huko unauchochea.

Kupenda usafi peke yake si ugonjwa huu, wala kukagua mlango mara moja kabla ya kulala. Tunauita ugonjwa pale unapokula saa nzima au zaidi kila siku, au unapomzuia mtu kufanya kazi, kusoma, kulala au kukaa na watu kwa amani. Huwapata watu kama 1 hadi 2 katika kila 100, na mara nyingi huanza katika ujana. Kwa hiyo katika kanisa la watu 200 hatutashangaa kuwa nao wawili au watatu, na huenda wameketi kimya kabisa.

Wengine watasema haya ni magonjwa ya Wazungu. Tulisikilize neno letu wenyewe. "Wasiwasi" limetoka katika Kiarabu, na huko asili yake ni mnong'ono unaomjia mtu tena na tena. Majirani zetu Waislamu wa Unguja na Mombasa wanamfahamu mtu mwenye wasiwasi wa udhu: anatawadha, anahisi hakutawadha sawasawa, anaanza upya, hata wenzake wanamaliza kuswali yeye bado yuko kwenye maji. Wazee wetu waliuona ugonjwa huu kabla ya sisi kupanda ndege.

Wazo si dhambi, wala si nia

Kutoka Peckham Rye, kituo cha treni kinachofuata ni Denmark Hill. Hapo ndipo ilipo hospitali ya Maudsley, iliyofunguliwa kwa wagonjwa wa kiraia mwaka 1923, na karibu yake taasisi ya utafiti wa magonjwa ya akili. Mwaka 1978 watafiti wawili wa taasisi hiyo, Stanley Rachman aliyezaliwa Afrika Kusini na Padmal de Silva aliyetoka Sri Lanka, walichapisha utafiti wao. Waliwauliza watu wa kawaida, wasio wagonjwa, kama huwa wanajiwa na mawazo mabaya wasiyoyataka: ya kumdhuru mtu, ya aibu, ya matusi. Takribani 8 kati ya 10 walikubali kwamba huwajia. Na mawazo yenyewe yalifanana sana na yale ya wagonjwa.

Wapendwa, tusipite hapo haraka. Mama anayemwogesha mtoto wake na ghafla likamjia wazo la kumzamisha, si muuaji. Wazo hilo linamtesa kwa sababu anampenda mtoto. Kijana anayejiwa na tusi wakati wa ibada anateseka kwa sababu anamheshimu Mungu. Asiyejali asingelia. Tofauti ya mgonjwa na mwenzake ni kwamba mwenzake analiacha wazo lipite kama basi lisilo lake, lakini mgonjwa analisimamisha na kulihoji.

Katika historia ya kanisa yuko John Bunyan, mhubiri wa Bedford. Kitabu chake cha safari ya Mkristo, kilichotoka mwaka 1678, kilitafsiriwa kwa Kiswahili na kusomwa sana Afrika Mashariki. Mwaka 1666, akiwa mfungwa, alitoa kitabu kingine kuhusu maisha yake mwenyewe. Humo anaeleza jinsi wazo la kumuuza Kristo lilivyomwandama mchana na usiku, akiwa mezani na akiwa kazini, na jinsi alivyoogopa kwamba amevuka mpaka wa msamaha. Hatuwezi kumpima mtu aliyekufa mwaka 1688, lakini wataalamu wengi waliomsoma wameona humo sura ya ugonjwa huu. Mtu huyo ndiye aliyewafundisha Wakristo wengi kuvumilia njiani.

Tiba ipo

Kwa muda mrefu madaktari hawakuwa na la kufanya. Mwaka 1966 Victor Meyer, mtaalamu wa hospitali ya Middlesex hapa London, aliandika kuhusu wagonjwa wawili. Mmoja aliogopa uchafu. Mwingine aliteswa na mawazo ya kukufuru. Aliwasaidia kukikabili kile walichokiogopa, kisha wajizuie kufanya tendo la kujituliza. Miaka michache baadaye Rachman na wenzake wa Maudsley, akiwemo Isaac Marks wa Cape Town, waliipima na kuiendeleza njia hiyo. Mpaka leo ndiyo tiba ya mazungumzo inayotegemewa zaidi kwa ugonjwa huu duniani, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika jirani yetu.

Inafanyaje kazi? Mgonjwa anaanza na hofu ndogo. Anazima jiko, anaondoka, harudi, hapigi simu. Hofu inapanda. Anakaa nayo bila kuitii. Baada ya muda inaanza kushuka yenyewe, naye anajifunza jambo ambalo hakuna jibu la dada yake lingeweza kumfundisha: kwamba anaweza kuishi bila kuwa na hakika.

Zipo pia dawa za kundi la SSRI, ambazo zinaweza kuchukua hata wiki 12 kabla ya kuonekana zimesaidia. Usiache dawa ghafla kwa sababu umeombewa. Eliya alipochoka mpaka akaomba kufa, Mungu hakumkemea kwa kukosa imani. Alimlaza, akamlisha, akamlaza tena, akamlisha tena, na mazungumzo yakaja baadaye. Mungu anayetuma mkate kwa mkono wa malaika anaweza kutuma tiba kwa mkono wa daktari.

Nilichofundishwa mimi

Mtaalamu wa mdogo wangu aliniita siku moja tukae watatu. Akaniuliza kwa siku namjibu mara ngapi. Nikahesabu, nikaona aibu. Akanieleza taratibu kwamba jibu la kwanza linaweza kuwa habari, lakini la tano ni sehemu ya ugonjwa. Yale maombi ya mara tisa yalikuwa yamegeuka kunawa mikono kwa maneno.

Tulipatana sote watatu, na hilo ni muhimu: usikate msaada ghafla kwa hasira, wala kwa siri. Tulianza na jiko. Swali likirudi nilisema, "Mdogo wangu, naona wasiwasi umekuja. Sitalijibu swali lake, ila niko hapa na wewe." Wiki ya kwanza alinikasirikia. Mimi nami nilikaa macho usiku nikijiona katili. Baadaye tukaingia kwenye maombi. Tulipatana tuombe mara moja, kwa ufupi, tuseme amina, na wazo likija katikati tuliache lije.

Hapo ndipo nilipouelewa upya mstari wa Ibrahimu. Alitoka kwao bila kujua aendako. Sisi tuliofika nchi hii na sanduku moja tunaijua hali hiyo. Imani haikumpa hakika ya kila hatua. Ilimpa wa kwenda naye. Naye Yohana anawaandikia watu ambao mioyo yao inawashitaki, akiwaelekeza kwa Mungu aliye juu ya moyo huo na anayejua yote. Mwenye ugonjwa huu hahitaji kushinda kesi ndani ya moyo wake kila usiku. Anaweza kulala kesi ikiwa haijaisha.

Mdogo wangu bado ana siku ngumu. Lakini anafika kazini kwa wakati, na Jumapili anakaa mpaka mwisho wa ibada.

Kwa familia na kwa kanisa

Usimcheke, wala usimwambie "acha tu." Angeweza, angekwisha acha.

Usiharakishe kusema ni pepo. Kwa mtu anayeogopa tayari kwamba Mungu amemkataa, neno hilo huongeza moto. Kufunga kwa kulazimishwa na mikesha ya kutoa pepo si tiba ya ugonjwa huu.

Ukiwa na miaka 18 au zaidi unaweza kujiandikisha mwenyewe kwa tiba ya mazungumzo ya NHS ya eneo lako, bila kupitia kwa GP. Kwa mtoto, anza na GP au shule. Omba mkalimani wa Kiswahili. Ni haki yako na hulipii. Usimtumie mtoto wako kutafsiri mambo haya. Mashirika ya OCD Action na OCD-UK nayo husaidia wagonjwa na familia.

Mtu akitamani kujiua, au akisikia sauti zinazomwamuru kudhuru, hilo ni la dharura. Piga 111 na uchague namba 2. Kama maisha yako hatarini sasa hivi, piga 999. Ukihitaji tu mtu wa kukusikiliza, Samaritans wanapatikana saa zote kwa 116 123, bila malipo.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Je, yuko mtu nyumbani kwetu ambaye swali lake hurudi hata baada ya kujibiwa? Huwa tunamjibuje?
2. Ni lini msaada wetu umemfanya mtu adhoofike badala ya kupata nguvu?
3. Tukijiwa na wazo baya tusilolitaka, nani tunaweza kumweleza bila kuogopa?

Tuombe. Ee Bwana, unawajua wanaokagua mlango usiku huu na wanaotubu dhambi ambayo umekwisha kuisamehe. Wape ujasiri wa kuacha, nasi utupe uvumilivu wa kukaa nao. Tunaomba mara moja, na tunakuachia. Amina.