Eliya Alikula Kwanza
Somo: 1 Wafalme 19:4-8

Agosti tulipanda na vijana hadi Ziwa Ellis, Mlima Kenya, kupitia Chogoria. Ni karibu mita 3,500 juu. Usiku baridi inakufuata mpaka ndani ya hema. Jioni hiyo kichwa kilinigonga, chakula kikakataa kushuka. Nikanyamaza. Pasta ataonekanaje mbele ya vijana? Nitaomba tu, kesho tuendelee.

Mzee aliyetuongoza alinitazama mara moja. “Pasta, huo ni ugonjwa wa mlima. Ukizidi kupanda hivyo unaweza kufa.” Asubuhi hali ilikuwa ile ile. Tukashuka wawili, vijana wakabaki na viongozi wao. Kabla ya kufika geti maumivu yalikuwa yamepungua.

Njiani nilimkumbuka Eliya. Alichoka hadi akaomba afe, na malaika hakumkemea. Alimletea mkate na maji, Eliya akalala tena, akaletewa tena. Mara mbili! Ndipo akatembea siku 40 hadi Horebu. Ile sauti ya utulivu tunayopenda kuhubiri ilikuja baadaye.

Wewe unayefunga na umeacha dawa za presha bila kuambia mtu, Jumatano baada ya maombi niko ofisini. Njoo tuongee.