Biogesi Haiwaki: Tuanzie Wapi?

Familia inaweza kuuacha mtambo mzuri wa biogesi na kurudi kwenye kuni na moshi kwa sababu ya kikombe kimoja cha maji kilichotuama ndani ya bomba. Hapa tunaangalia mtambo wa kuba lililojengwa chini ya ardhi, wa aina ambayo CAMARTEC ya Arusha imekuwa ikiisambaza tangu miaka ya 1980.

Ukisikia harufu kama ya yai viza jikoni, usiwashe kiberiti. Funga koki, fungua milango na madirisha, na usubiri harufu iishe.

Sasa nenda nje, kwenye chumba cha kutokea tope. Gesi ikijaa ndani ya kuba, hulisukuma tope lipande huko. Kwa hiyo, kama usiku kucha hamkupika na asubuhi tope limepanda, gesi ipo. Msilaumu ng'ombe wala fundi aliyejenga. Tatizo liko kati ya kuba na jiko.

Mara nyingi ni maji. Biogesi hutoka na mvuke, na mvuke ukipoa ndani ya bomba hugeuka maji yanayokaa pale bomba lilipolegea. Fungua koki ya kutolea maji mahali pa chini kabisa, uyaache yatoke, kisha uifunge mara gesi inapoanza kutoka. Koki hii isahauliwe hata mwezi mmoja, moto huanza kurukaruka, halafu hukataa kabisa. Kama bomba limelegea, linyanyueni ili literemke kuelekea kwenye koki hiyo.

Bado haliwaki? Zibua tundu la gesi la jiko kwa waya mwembamba, bila kulipanua. Punguza nafasi ya kuingizia hewa, washa kiberiti kwanza, ndipo ufungue gesi. Moto ukishashika, ongeza hewa kidogo kidogo mpaka uwe wa buluu.

Ikiwa tope halijapanda, pakeni povu la sabuni kwenye viungo vyote vya bomba. Panapotoa mapovu panavuja. Kamwe msitafute mvujo kwa kiberiti! Kama hapavuji, pimeni chakula cha mtambo. Kilo moja ya kinyesi kibichi cha ng'ombe hutoa takriban lita 40 za gesi, na jiko moja hutumia kama lita 400 kwa saa. Ndoo moja ya kilo 10, iliyokorogwa na maji kiasi hicho hicho, ni saa moja tu ya kupika.

Mtambo mpya ni jambo jingine. Gesi yake ya kwanza ni hewa ya kawaida na hewa ya ukaa kwa wingi, nayo haiwaki vizuri. Itoeni nje, mbali na moto wowote, na msijaribu kuiwasha kwenye bomba linalotoka kwenye kuba, kwani moto unaweza kurudi ndani na kulipasua.

Mtambo wa zamani uliomwagiwa maji ya sabuni, au kinyesi cha ng'ombe aliyetibiwa kwa antibayotiki, upumzisheni wiki moja au mbili, kisha muanze tena na nusu ndoo kwa siku.